Usivuke Saa Tatu

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo, na yale mafua yamekuachia? Sisi tupo kwa kiasi chetu. Shemeji yako anakusalimu. Mgongo umemshika tena, anatembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Binti yangu mkubwa amefaulu mtihani wa uuguzi, mdogo amefeli wa udereva kwa mara ya pili, na wote wawili wamepata sababu ya kunilaumu mimi. Karakana inaenda. Wiki hii nimerekebisha mizani tisa za mabucha na saba kati ya hizo zilikuwa zinazidisha. Hakuna hata moja iliyokuwa inapunguza. Mizani inayoharibika yenyewe huharibika pande zote mbili. Ikiharibika upande mmoja tu, ujue ina mwenyewe.

Mzee wetu hajambo. Anakula, analala, anagomba.

Sasa tuje kwenye sanduku lako. Limefika Jumanne, nimelifungulia juu ya meza yangu ya kazi. Nimekuta skrini moja ya dashibodi, pana kama sinia ya chai, waya wa kutosha kufungia mashua, na sensa nne za kupimia injini, zimevikwa plastiki kama peremende. Maelekezo nimeyasoma yote; yale ya lugha nisizozijua nimeangalia picha. Nikaiwasha, nikaipima dhidi ya mashine yangu ya kupimia. Nakuambia ukweli kwa sababu ukweli ndio unaonilisha: skrini yako haikosei. Nilipoipa mizunguko elfu tatu kwa dakika, ilisema elfu tatu. Mita ya mshale ya Nyigu, lile gari la Mzee, niliipa elfu tatu hiyo hiyo; namba za uso wake zilishafutika, lakini kwa pembe ya mshale ikasema elfu tatu na mia mbili, tena kwa kutetemeka kama shahidi wa uongo.

Kwa hiyo sina ubishi na skrini. Ubishi wangu ni na wewe. Dashibodi ya Nyigu ina matundu matano ya duara, mawili makubwa na matatu madogo. Skrini yako ni ya mstatili. Ili iingie, lazima nikate ubao wote ulioko kati ya matundu, ule ubao ambao Mzee aliupiga msasa kwa mkono mwaka aliolinunua lile gari likiwa gofu. Nikishakata, nimekata. Na kwa nini? Miaka kumi na saba hujauliza hata kama Nyigu lina matairi. Injini ya pili Mzee aliifunga peke yake, ikawaka, hukuuliza. Leo unaliletea macho mapya.

Nilimwambia Mzee kuna kitu kimetoka kwako. Aliuliza jambo moja tu: "Kina mshale?" Nikamwambia hakina. Akaongeza sauti ya redio.

Tulikubaliana tusipigiane simu, maana kwenye simu tunakatana kauli mpaka salio linatufia mikononi. Basi andika. Karatasi haiwezi kunikatiza.

Mimi dada yako, ninayesubiri maelezo.


2 Machi

Dada Mizani,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma kwa sauti mezani na mke wangu akacheka mpaka akaacha kula, hasa hapo pa shahidi wa uongo. Anakuamkia. Mwanangu ameng'oka jino la mbele, sasa akisema "shangazi" anatoa upepo mtupu.

Kazi ni ile ile. Ghala lina vyumba kumi na viwili vya baridi, na mimi nakaa mbele ya namba kumi na mbili. Namba ikipanda, nainuka. Isipopanda, nakaa. Mke wangu anasema yeye ni mke mdogo, mkubwa ni zile namba. Huenda. Lakini namba haijawahi kuniita mwongo.

Unauliza kwa nini skrini. Unajua kwa nini, ila unataka niandike. Haya.

Mzee aliifunga ile injini ya kwanza kwa miezi minane. Aliponipa funguo nikaizoeshe barabarani, aliniambia nishike saa tatu, nisivuke. Unakumbuka uso wa mita ulishaungua na jua, namba zote zilifutika kabla sijaanza shule, ndiyo maana kila kitu garini mle alikisema kwa saa, kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Nikaenda. Rodi ikakatika, ikatoboa bloku ya injini. Tulilikokota Nyigu mpaka nyumbani kwa kamba, oili inachuruzika nyuma yetu, na Mzee akafungua boneti, akaangalia, akamwambia mama, mimi nikiwa nimesimama pale pale: "Alivuka." Hata hakusema "ulivuka". Alivuka, kama habari za mtu wa mtaa wa pili. Na mpaka mama anaingia kaburini, hilo ndilo neno lake juu yangu.

Sikuvuka, dada. Na kama sikuvuka, basi mshale ulidanganya. Hakuna njia ya tatu: mwongo ni mimi au ni ule mshale.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Sitaki pole yake. Sitaki tukae kikao. Nataka akubali mshale utolewe, akae pembeni akuone ukiutoa. Hapo atakuwa amesema, hata asipofungua mdomo. Agosti nina likizo ya mwezi mzima. Nitakuja na mke wangu, na huyu kibogoyo ambaye hajamwona babu yake. Mshale ukibaki pale, na mimi nabaki huku.

Ubao ukate. Ni ubao tu.

Mdogo wako.


29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie mke wako aendelee kucheka, anayecheka na barua zangu hajawahi kuishi na mimi. Huku mvua imeingia karakana kwa mlango wa nyuma, nimeinua mota zote juu ya matofali. Binti mkubwa ameanza mazoezi wodini. Mdogo ameacha kusema na mwalimu wake wa udereva, anasema mwalimu ana gundu, anamtia mkosi.

Kuna jambo sikuliandika mara ya kwanza kwa sababu Mzee alinikataza. Leo naliandika kwa sababu nimechoka kukatazwa.

Mzee haoni. Yaani anaona, lakini kidogo, na kidogo chenyewe kinapungua. Ni kile kisukari chake. Kilianza na miguu, sasa kimehamia machoni. Akimimina chai anaweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, na akiungua anamlaumu aliyeichemsha. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, binti utadhani mdogo kuliko wanangu, mwenye adabu. Alisema kilichokwenda kimekwenda, na kilichobaki nacho kinakwenda. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema labda mwaka, labda pungufu. Nikamuuliza asilimia. Akaniangalia kama mtu asiye na moyo. Mimi nikitajiwa namba ndiyo napata pa kushika.

Nikajipimia mwenyewe. Nilimwandikia namba kwenye makaratasi, kila moja kubwa kama kiganja. Kati ya kumi alitambua mbili, na moja nadhani alibahatisha. Kisha nikamchorea mstari mnene mweusi kwenye karatasi nyeupe, mara umesimama, mara umelala, mara umeinama. Kati ya kumi alipata tisa. Umeelewa? Namba kwake ni ukungu. Mshale bado anauona.

Kila alasiri anajipapasa ukutani mpaka bandani, anaingia ndani ya Nyigu, anawasha, anakaa. Haendi popote. Anaangalia mishale ikipanda. Nyumbani kutwa anaambiwa baba angalia ngazi, babu angalia mlango, mzee hapo pana maji. Ndani ya Nyigu yeye ndiye anatuambia sisi: "Joto limefika, fungua boneti." Na kweli limefika.

Nikifunga skrini yako ataona mwanga wa buluu tu. Siwezi kumtoa macho ili wewe upewe haki, hata kama haki ni yako. Ninachoweza ni hiki: nifungue mita za zamani, nizipake uso mweupe, niweke mishale mipya minene.

Na mimi je? Kuna aliyeniuliza ninataka nini? Mzee alikufundisha wewe injini, mimi akanipa taa nishike. "Inua, shusha, unatikisa." Nilijifunza mizani sokoni, nimekaa juu ya ndoo, na leo fundi wa mishale pekee katika ukoo huu ni mimi mshika taa, na nyinyi wawili mmenikabidhi mshale niwaamulie kesi. Sitaki kesi. Nataka akuone uso wako kabla giza halijafunga. Hilo tu. Njoo Agosti, mshale uwepo usiwepo.

Dada yako.


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa. Mtoto aliugua, kisha kompresa za chumba cha tano na cha sita zikafa pamoja, kisha hakukuwa na sababu yoyote, nilichelewa tu. Hongera kwa binti, na yule mdogo mwambie gundu la mwalimu huisha siku mwanafunzi anapoangalia kioo cha pembeni.

Pole kwa macho ya Mzee. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta, na kuiandika, na kila mara inatoka kama kadi ya dukani. Iache ilivyo.

Lakini haibadilishi kitu. Aone au asione, alichosema alikisema akiwa na macho mazima. Wewe unaniomba nije nikae sebuleni na mtu anayeniona mwongo, halafu nimshukuru Mungu kwa kuwa bado ananiona.

Hukuwepo siku ile, ulikuwa sokoni kwako, kwa hiyo sikiliza mara moja. Aliinama dirishani, mikono ina grisi mpaka viwiko. Akasema: "Hii injini ni mtoto mchanga. Nenda mpaka daraja la reli, geuza, rudi. Mshale uweke saa tatu. Usivuke, usipunguze." Nikasema ndiyo, baba. Akapiga paa la gari mara mbili, kama anavyompiga mtu begani. Nilitumia gia ya pili, maana kwenye ya tatu mshale ulikuwa unashuka. Nikauweka pale pale, umelala bapa, ncha yake imenielekea mkono wa kulia. Ungeweza kuulazia rula. Sikuutoa macho, wala sikuangalia msichana yeyote njiani, na unajua umri ule ilikuwa si jambo dogo. Sikufika hata darajani.

Huo ndio ukweli wote. Paka nyuso nyeupe, ni haki yake kuona. Ila tiketi sijakata.

Mdogo wako.


21 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na wote wazima, salamu utazipata mbele ya safari, leo sina subira.

Barua yako niliipokea mlangoni, nikaisoma nimesimama. Nilipofika "ncha yake imenielekea mkono wa kulia" nikavuta kiti.

Mita yenyewe iko mezani kwangu sasa hivi, imevuliwa kioo. Nimeipima upya ili niandike namba kwenye uso mpya. Gari likiwa limezimwa, mshale unaning'inia chini, sifuri. Kila robo ya duara ni mizunguko elfu mbili. Ukipanda kushoto ukalala bapa, ni elfu mbili. Ukisimama juu, elfu nne. Ukilala bapa kulia, ni elfu sita. Wewe uliuweka kulia. Elfu sita, gia ya pili, kwenye injini iliyofungwa juzi! Hata injini iliyokomaa haiwezi kushikiliwa hapo.

Nikaibeba mita mpaka kwa Mzee. Sikumwambia kitu. Nikaiweka mapajani mwake, nikauliza: "Baba, saa tatu ni wapi hapa?" Akapapasa duara, akaweka kidole kushoto.

"Una hakika?"

"Mshale mfupi saa tatu asubuhi unakaa wapi? Hapa. Au siku hizi wameuhamisha?"

Umeona? Saa ya ukutani, saa tatu, mshale mfupi unagusa palipoandikwa tisa. Imeandikwa tisa, sisi tunasoma tatu, na hakuna anayeshangaa, tumezaliwa tukiikuta hivyo. Mzee ni mtu wa saa ya mishale, akisema saa tatu anaona ule mshale umelala kushoto. Lakini wewe saa yako ya kwanza ilikuwa ile ya plastiki aliyokuletea mjomba, ya namba tupu, haikuwa na mshale hata wa dawa. Saa ya mishale uliijua kwa kuchorewa ubaoni, na ubaoni tatu imeandikwa kulia. Kulia ndiko ulikouweka.

Hukuvuka. Na mshale haukudanganya. Ile njia ya tatu uliyosema haipo, ndiyo hii. Mmekaa miaka kumi na saba mmoja anasema alivuka, mwingine anasema sikuvuka, na hakuna aliyewahi kuinua kidole akaonyesha.

Barua hii siifungi mpaka nimwambie.

Jumapili. Nimemwambia. Nilimweleza taratibu, nikamshika mkono nikauzungusha kwenye duara, kushoto, juu, kulia. Akajipimia chai kwa kidole, akanywa. Kisha akasema: "Saa tatu ni saa tatu." Akaomba redio.

Jumatano. Leo yeye mwenyewe ameomba nimpeleke kwenye gari na nirudishe mita mahali pake bila kioo. Akaketi. Akapapasa mshale, akausukuma kwa kidole polepole mpaka kulia, akaushikilia.

"Hapa?"

"Hapo."

"Gia ya pili?"

"Gia ya pili."

Nikaona kifua chake kinapanda, nikajua sasa, sasa hivi. Nilishaanza kulia, nakuambia, mimi! Akasema: "Hapa injini inapiga kelele kama inachinjwa. Sawa, saa tumepishana. Masikio je? Nilimfundisha kusikiliza tangu ana miaka saba. Kwa nini hakusikia?"

Nilitamani kumrushia spana. Nilidhani nimebeba dawa, kumbe nimebeba swali jingine. Nakuandikia kama alivyolisema, sikuongeza wala kupunguza. Mjibu, au uje umjibu. Agosti haijafika.

Dada yako.


30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wa kwangu wazima. Jino la kibogoyo limeota, limeota upande.

Agosti imekwisha, umeiona. Likizo nilipewa. Niliikaa nyumbani, nikapaka jikoni rangi.

Barua yako niliisoma njiani nikitoka kazini. Ule upande wa kwanza niliusoma nikitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilimpigia mke wangu nikamwambia sikuvuka, wamepima, sikuvuka! Akaanza kutaja nguo za kufungasha kwa safari. Kisha nikageuza ukurasa.

Nilisikia.

Mwambie nilisikia. Ilianza kama mluzi kabla sijafika kwenye kituo cha mafuta. Baadaye ikawa kilio, na baadaye kitu kikaanza kugonga chini ya miguu yangu, na nilijua ni beringi za rodi, dada, nilijua ni zipi. Nilizifunga naye. Masikio yaliniambia achia. Mguu ulitaka kuachia. Lakini baba alikuwa amesema usivuke, usipunguze, na nikajiambia baba anajua kitu nisichokijua. Nikaukaza mguu. Mpaka pale ilipopasuka nilikuwa nautazama ule mshale tu, na ulikuwa pale alipouagiza.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu. Ndilo lililonivunja.

Sikuwahi kulisema hili kwa mtu, wala kwako, na sababu utaielewa wewe unayejua kazi. Kijana aliyevuka ni mtundu, na mtundu husamehewa siku moja akishakua. Lakini fundi aliyesikia injini ikifa, akaendelea kukanyaga? Huyo si fundi. Na Mzee watoto wa kiume alikuwa nao wengi mtaani, alichokitaka ni fundi. Bora nibaki "alivuka". Nilijipigania sana kwa skrini na namba ili lile swali la masikio lisije likaulizwa. Limeulizwa.

Tangu siku ile sijashika usukani. Mke wangu ndiye anayeendesha. Watu humcheka, mimi husema nina macho mabovu. Na kazini wenzangu wanasikiliza mashine, mimi nasoma namba. Kompresa zile mbili nilizokuandikia zilikuwa zinakoroma wiki nzima kabla hazijafa. Kila mtu alizisikia.

Mwambie au usimwambie, nimekuachia. Weka mshale. Skrini fanya utakavyo.

Mdogo wako.


12 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Binti mkubwa amepata kazi hospitali ya mbali, anaondoka Januari. Mdogo hatimaye amepata leseni, siku ya kwanza akagonga ndoo zangu za rangi. Shemeji yako hajambo.

Mshale niliufunga mwisho wa Julai, mweusi, mnene, juu ya uso mweupe kama sahani. Ulitoka vizuri, kazi yangu bora ya mwaka huu, na haina mteja. Mzee alikuwa nao mpaka katikati ya Septemba. Siku moja aliketi, akawasha, akauliza kwa nini nimeutoa. Ulikuwepo. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya kioo, akakitoa taratibu, akazima gari. Tangu hapo haendi bandani.

Barua yako sikumsomea haraka. Nilingoja nione kama atauliza, hakuuliza. Mwezi uliopita nikaamua, nikamsomea yote, hata ya kompresa. Alinirudisha nyuma mara moja tu, pale pa beringi: "Alijua ni zipi?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Nikamaliza. 

Akasema: "Nimesikia."

Nikamuuliza, baba, umesikia vipi? Umesikia kwamba alikutii, au umesikia kama mtu anavyoambiwa kesho kuna mvua? Hakurudia. Nimepima kila aina ya kitu kinachopimika, lakini lile neno sina mashine yake. Nimelizungusha pande zote na linasoma tofauti kila mara. Nakupa kama lilivyotoka.

Wiki iliyofuata nikamuuliza waziwazi: nimwandikie kwamba aje? Alikuwa anavaa viatu, anatafuta kipi cha kushoto. Akasema, "Aje. Nimwone kwa macho gani?" Akavaa cha kulia kushoto, na nilipotaka kumrekebisha akanipiga mkono.

Basi mimi nimefika mwisho wa ufundi wangu. Skrini nimeirudisha sandukuni pamoja na sensa zake, sitamkatia ubao mtu asiyeiona na sitaiuza mali ya mtu asiyekuja. Nyigu nimelitoa betri, nimelifunika.

Chumba chako nimekifanya stoo kuanzia jana. Mizani mbovu zimejaa kitandani mpaka usawa wa dirisha. Siandiki hivi ili uje. Naandika ili siku ukija usinilaumu kwamba sikukuambia: hakuna pa kulala.

Dada yako.